Texas au Minnesota: kipi kinabaki mfukoni?

Dada, ukihama Minneapolis, Minnesota, kwenda Dallas, Texas, kodi ya serikali kuu na makato ya 7.65% ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) yanakufuata. Unachokwepa ni kodi ya mapato ya jimbo: Texas haina, Minnesota inaanzia 5.35% hadi 9.85%. Ila usishangilie mapema. Texas wanajifidia kwenye kodi ya majengo, na mpangaji naye huibeba kimyakimya kwenye pango. Dukani Dallas kodi ya mauzo ni 8.25%, hadi kwenye nguo. Minnesota nguo hazitozwi. Kima cha chini cha mshahara Texas bado dola 7.25 kwa saa, Minnesota kimeshapita 11. Waajiri wa Dallas wakikupa mshahara uleule, nenda. Wakipunguza hata dola mbili kwa saa, baki Minnesota na baridi yako.