Maswali yenu: mtoto na penseli

Mwanangu ana miaka 4. Penseli anaikamata kwa ngumi, na shule inampa kurasa mbili za irabu kila siku. Usiku analia. Nifanyeje? (Mama, Uyole)

Dada yangu, hizo kurasa ziache kwanza. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mtoto huzaliwa ikiwa bado gegedu, yaani laini, haijawa mfupa mgumu. Hukomaa mmoja mmoja kwa miaka mingi. Kurasa mbili kwa mkono huo ni adhabu.

Jioni mnapopukuchua mahindi, mpe na yeye hindi lake. Kidole gumba na cha shahada vinavyong'oa punje ndivyo vitakavyoshika penseli. Abane vibanio kwenye kamba ya nguo, akamue soksi zake, afinyange udongo. Kisha mpe kipande cha chaki kifupi kama kidole chake cha mwisho: ngumi haitapata pa kushika, vidole vitatu vitajipanga vyenyewe. Achore mistari, miduara na misalaba kabla ya herufi.

Zungumza na mwalimu kwa upole. Mara nyingi ni sisi wazazi tunaotaka kuona daftari limejaa, naye anatutimizia.

Wa kwangu anatumia kushoto. Bibi yake anataka tumfunge mkono huo. (Baba, Mafinga)

Msimfunge, tafadhali sana. Mweleze bibi yake kwa heshima kwamba mtoto kazaliwa hivyo na hana kosa. Daftari liinamishwe kidogo kuelekea kulia, na mkono ukae chini ya mstari ili asifute alichoandika. Kwenye dawati akae kushoto kwa mwenzake, viwiko visigongane.

Mjukuu wangu ana miaka 6, anachanganya b na d. Ni mgonjwa? (Bibi, Tukuyu)

Hapana, bibi. Watoto wengi hufanya hivyo hadi miaka 7 hivi. Mfundishe mwendo: b huanza na mstari wa kushuka, d huanza na duara. Aziumbe kubwa kwa kidole kwenye majivu au mchanga. Akifika miaka 8 bado anazigeuza, ongea na mwalimu wake.

Asubuhi za Julai watoto wangu wa darasa la awali vidole vinakufa ganzi kwa baridi, mwandiko unaharibika. (Mwalimu, Makete)

Mwalimu, anza na nyimbo za vidole na kusugua viganja. Kama shule inapika uji, wanywe kwanza, kila mmoja akikumbatia kikombe chake kwa mikono miwili. Daftari zifunguliwe baadaye.