Jirani kachimba kisima cha mashine, chetu kimeingia chumvi. Pesa yake halali?

SWALI: Asalam alaykum shehe. Tuko kijiji cha pwani, kusini mashariki ya Unguja. Kisima chetu alichimba babu na mtaa mzima unateka. Jirani kachimba cha mashine hapo ubavuni, pampu haizimwi usiku na mchana, anajaza maboza anauzia hoteli. Tangu kiangazi kilopita maji yetu yana chumvi, chai hainyweki, sabuni haitoi povu. Tukimwambia anasema ardhi yake, mashehe wamemruhusu, na maji ni rizki ya Mungu hayaishi, anaesema yataisha imani yake ndogo. Je, pesa yake halali? Udhu wetu unasihi? Na ndugu zangu wanataka tusimwamkie tena.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu. Udhu usikusumbue, maji ya bahari yenyewe Mtume (s.a.w) kasema ni twahara, sembuse hayo yenu. Kilonikosesha raha ni hilo neno "imani ndogo", maana nalisikia kila pahala siku hizi na watu wanalinyamazia kwa kuwa limetajwa jina la Mungu ndani yake.

Nani kasema maji hayaishi? Mwisho wa Suratul Mulk Allah anatuuliza, maji yenu yakididimia chini nani atakuleteeni maji yanayobubujika? Na Suratul Muuminun aya ya 18 anasema kateremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na Yeye ni muweza wa kuyaondoa. Kwa kipimo! Sasa mtu anasoma Tabaraka, ndo hiyo Suratul Mulk, kila usiku kabla ya kulala, asubuhi anamwambia mama wa watu ati kuogopa maji kuisha ni upungufu wa imani, basi huyo asieogopa ndo airudie aya aisome vizuri.

Na upande wenu wa maweni jambo liko wazi zaidi. Hamna mito, maji matamu ni mvua za masika na vuli zinazopenya kwenye mawe ya matumbawe, zinakaa juu ya maji ya bahari yalojipenyeza chini, matamu ni mepesi yanaelea juu ya yale mazito ya chumvi. Wataalamu wanakadiria kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za matamu chini yake, kwahiyo ukishusha kidogo tu juu, chumvi inapanda mno chini, na ikishapanda haishuki kwa mvua moja. Kuna utafiti wa 2001 juu ya pwani hiyo ya mashariki, ulikuta mgeni wa hoteli anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, mwanakijiji lita 48.

Hiyo ruhusa ya mashehe najua inatoka wapi. Kwenye fiqhi yetu ya madhehebu ya Shafi ipo mas'ala kwamba mtu akichimba kisima kwenye milki yake, cha jirani kikapungua maji, hazuiliwi. Ipo, sifichi. Lakini wanasoma nusu wanafunga kitabu! Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu cha madhehebu hayo hayo, inasema kila mwenye milki aitumie kwa mujibu wa ada, yaani desturi ya watu, akivuka anadhamini, yaani analipa alichoharibu. Ada ya kisima zama zile ni ndoo na kamba, mkono ukichoka mtu anaacha na maji yanarudi, sasa pampu ya umeme inayovuta alfajiri mpaka alfajiri kujaza boza la hoteli hiyo ada ya nani? Na hapa hatuzungumzii kupungua, tunazungumzia maji ya watu kuharibika. Madhehebu ya Maliki yanamzuia wazi mchimbaji kama huyo, na Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali kwenye kitabu chake Mughni vilevile. Hata sahaba Zubayr, alokuwa na haki ya kumwagilia mwanzo, Mtume alimwambia mwagilia kisha mwachie jirani yako.

Kwahiyo kuuza maji aloyavuta na kuyahifadhi kwenye tangi asli yake ni halali, siwezi kukwambia pesa yake yote haramu. Ila kuvuta kwa kiasi kinachoharibu kisima chenu haramu, ikithibiti azuiliwe na adhamini alichoharibu. Nasema ikithibiti kwa sababu nimesikia upande mmoja tu. Mwendeeni sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, muombe wataalamu wa maji wapime chumvi visima vyote viwili, kisha pampu izimwe siku kadhaa wapime tena.

Kuhusu ndugu zako, hapana. Muislamu hamkati mwenzake zaidi ya siku tatu, na mtu asieamkiwa hatozima pampu. Aende mzee wa heshima, usiku, bila ya kelele, azungumze nae apunguze saa za kuvuta na awaachie mtaa maji ya kunywa, maana mwenye maji ya ziada akamnyima msafiri ni katika watatu ambao Allah hatowatazama siku ya Kiyama, sasa jirani je?

Na mwanangu, ukiambiwa chimbeni zaidi mfikie maji, msichimbe! Kwenye mawe yale kwenda chini ni kuifata chumvi. Wekeni mifereji kwenye bati kabla ya masika, bati la mita 50 za mraba mvua ya milimita 20 inakupa kama lita 1,000, hayo ya kunywa na chai, ya kisima yabaki kufulia na kuoshea. Nitumie majibu ya vipimo nikuandikie hukmu ya fidia, na akitaka kuniuliza yeye mwenyewe mpe namba yangu. Wallahu aalam.