Simu ya nahodha ndani ya pipa la mchele

SWALI: Asalaam aleikum, Shangazi. Mimi ni mke wa mtu, nakaa mtaa wa Langoni, hapa Amu (Lamu), nina watoto 3. Mume wangu ana boti, huvusha abiria wa Mokowe na Manda. Simu yake hailali. Tukikaa kula inalia, tukilala inalia, mtoto akimletea daftari amtazamie hesabu inalia. Wiki 2 zilizopita nilichoka. Nikaizima, nikaifukia kwenye pipa la mchele, na aliponiuliza nikasema sijaiona. Usiku ule ule mavyaa wangu, mamake mume wangu, aliye Faza, kisiwani Pate, akashikwa na pumu. Shemeji akapiga kwa mume wangu, haipatikani. Akapiga kwangu, nami kisimu changu hakina chaji. Walimkimbiza hospitali ya huko huko, na alhamdulillahi yu mzima. Lakini mume wangu alipoikuta simu mcheleni hakusema neno. Tangu siku hiyo anakula na simu pajani. Najua nimekosa. Lakini nami sina haki? Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposema hakusema neno. Mume akigomba, mtagombana yaishe. Akinyamaza akala na simu pajani, huyo ameumia. Basi nianze na hilo, haki yako naijia, maana unayo.

Makosa yako ni mawili. Kuificha simu ni moja. Kumwambia hujaiona ni la pili, na naona hili ndilo lililomkaa moyoni. Simu ya mvushaji ni kama usukani wake. Msafiri akishuka basi la Mombasa pale Mokowe, au akitoka uwanja wa ndege Manda, mbele yake ni maji matupu. Alicho nacho ni namba ya nahodha. Na usiku, mtu akizidiwa ng'ambo, boti ndiyo ambulensi. Huenda siku moja ile simu inayokukera ikawa ni ya mwanamke mwenzio ameshikwa na uchungu, anatafutiwa mtu wa kumvusha. Mumeo hilo analijua, ndiyo maana haizimi.

Sisi tuliokuwapo kabla ya simu hizi za mkononi tunajua kukosa habari kulivyo. Mtu akifa Mombasa asubuhi, alasiri keshazikwa, na sisi huku habari ikitujia kesho yake kwa mdomo wa abiria wa basi. Mama yangu alimkosa nduguye hivyo. Alifika wanasoma hitima, nyumba imejaa watu, na yeye amesimama mlangoni na buibui lake lina vumbi la safari. Miaka yote aliyobaki duniani alikuwa akisema, "Uso wake sikuuona." Simu moja tu ingemfikisha. Kwa hiyo mtu akiniambia simu ni balaa tupu, simkubalii. Hata fedha: kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, ukitaka kumpelekea mzee pesa za dawa Faza ulikuwa ukizunguka bandarini kumtafuta mtu mwaminifu anayesafiri, kisha ungoje maji yajae boti ipite. Sasa mumeo yuko kwenye usukani, mavyaa wako kashapata.

Haya, sasa haki yako.

Mwanangu, nakiona unachokiona. Sinia la wali limetengwa, watoto wameshanawa, na ile simu, imo kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira isiingie maji ya chumvi, imewekwa kando ya bakuli la mchuzi. Inaanza kutetemeka. Bakuli linatetemeka nayo. Mkono wa mumeo uliokuwa unakwenda kwenye tonge unageuka. "Naam? Wako wangapi? Mizigo mingi?" Wali unapoa upande wake, mtoto mdogo anauliza kitu anaambiwa shii. Na simu ikikatwa yeye mwenyewe hayupo tena, akili imeshafika Mokowe. Hiyo ni haki yako na ya wanao inayoliwa, kila siku, tonge kwa tonge. Usijione mkorofi kwa kuidai.

Zitazame nyumba zetu za mawe, zile kongwe za mtaa wa Mkomani. Mgeni akija hukaribishwa dakani, ukumbi wa mbele ya mlango, akakaa barazani kwenye kivuli. Ukitoka daka kuna tekani, njia ya kuingilia ndani, nayo imepindishwa kusudi, ili aliye nje asione kiwandani, ule ua wa ndani. Ndipo uje misana, vyumba virefu vinavyoelekea ua, ndipo ufike ndani kwa wenyewe. Wazee waliojenga vile walikuwa watu wa biashara, wageni wa majahazi hawakuisha kwao, na hawakumfungia mtu mlango. Walimpa pa kukaa, mwenyewe akatoka akamuona kwa wakati wake. Na hodi tumefunzwa mara 3, usipoitikiwa urudi. Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, inatukataza kuingia nyumba isiyo yetu mpaka tuombe ruhusa, na tukiambiwa turudi, turudi. Sasa hii simu imeruka daka, imeruka tekani. Mtu usiyemjua anayeuliza nauli ya kwenda Shela anakuingilia mpaka kitandani saa 5 za usiku, na anasikitika usipomjibu.

Simu ya mumeo haina daka. Mjengeeni.

Na kabla hajakwambia haiwezekani, mkumbushe jambo moja kwa upole. Akienda msikitini huizima, au huinyamazisha. Mara 5 kwa siku. Magharibi kila mtu anataka kuvuka kabla ya giza, naye yuko kwenye safu, simu imenyamaza mfukoni, na akitoka anawapigia waliomtafuta. Abiria hawajamhama. Basi kuinyamazisha anakujua zamani. Unachomwomba wewe ni nusu saa ya sinia, na nusu saa ya daftari la mtoto. Muombe hivyo hivyo, kwa hesabu. Usimwambie "wewe na simu yako". Mwambie, "Baba fulani, nakuomba nusu saa."

Usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu ya wagonjwa niliokutajia. Hapo simu isizimwe. Kama ni simu ya kisasa, ndani yake mna mpangilio wa "Usinisumbue". Mwite kijana yeyote pale uwanja wa Mkunguni awaonyeshe, ni kazi ya dakika chache. Unachagua saa za kunyamaza, kisha unachagua namba za kupenya: ya mavyaa, ya shemeji, ya wale mnaojua wakipiga usiku pana jambo. Nyingine zote zinabaki nje, atazikuta alfajiri. Na kuna kitu humo nilipofundishwa nilifurahi sana: simu nyingi za Android unaweza kuziruhusu zilie mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Muulizaji wa nauli hupiga mara moja akatafuta nahodha mwingine. Mwenye mgonjwa mikononi hupiga tena na tena. Hiyo kwangu mimi ni hodi. Mfanye mpangilio huo pamoja, mmekaa upande mmoja, na aishike yeye simu, usiishike wewe. Baada ya pipa la mchele, wacha imkae mkononi mwake.

Pesa ikiruhusu, atenge laini mbili. Ya boti ilale tekani kwenye chaji, ya nyumbani ilale chumbani. Wavushaji wengi wana laini mbili tayari, ila zote mbili wamezigawa kila mtu, ikawa kama nyumba yenye milango miwili na yote iko wazi.

Nije kwenye simu yako sasa, maana umeitaja kwa neno moja ukapita. Hakina chaji. Mwanangu, hapo ndipo usiku ule ulipovunjikia. Shemeji alifanya lililo sawa: amemkosa kaka, akamtafuta mke. Angekupata wewe, ungeifukua ile simu mcheleni mara moja, na leo hii tungekuwa tunazungumza jambo dogo. Kisimu chako hicho, kama ni mulika mwizi, ndicho kinachofaa kuliko cha mumeo, kwa sababu kikijazwa chaji kinakaa siku kadhaa na hakina makelele ya picha na makundi. Kifanye kuwa simu ya nyumba. Namba yake wape ndugu tu. Kila usiku ukifunga mlango, kitie chaji, kama vile unavyokagua jiko kama moto umezimika. Mumeo akijua kwamba wewe uko macho kwa ajili ya mamake, yake ataiachia ikae mbali kwa moyo mweupe. Huwezi kumwomba mtu aiondoe simu pajani hali anaogopa kukosa habari za mama kwa mara ya pili.

Namba ya shemeji na ya jirani yao wa Faza ziandike kwa kalamu, karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati. Simu huanguka baharini, nawe hapo namba hata moja huijui kwa kichwa.

Kuomba msamaha usikuahirishe mpaka mpangilio wa simu ukamilike. Kaa naye watoto wakishalala. Msemee yale mawili, la kuficha na la kusema hujaiona, kila moja kwa jina lake, usilivishe "lakini" nyuma. Habari za sinia na nusu saa zingoje kesho au kesho kutwa. Ukizichanganya usiku mmoja ataona msamaha wako ulikuwa ni mlango wa kuingilia madai, na madai yako ni ya haki, hayastahili kusikilizwa hivyo.

Na leo, ukishaswali alasiri, mpigie mavyaa. Usimtumie ujumbe, macho ya wazee hayasomi yale maandishi madogo. Mpigie akusikie sauti, umuulize kifua kimelalaje, na umwambie namba hii sasa ndiyo ya kupiga usiku. Kisha niandikie tena, nami nataka kujua anaendeleaje.