Rekodi ya Farasi au Fununu ya Zizini?

SWALI: Mhariri, Jumapili za mbio huenda uwanja wa Ngong na shilingi mia chache za kuwekea dau. Rafiki yangu anayefahamiana na mtunza farasi hunidokezea mshindi, ilhali mimi hupenda kusoma kitabu cha mbio, chenye rekodi za farasi wa siku hiyo. Nifuate lipi?
Msomaji, Dagoretti

JIBU: Ndugu msomaji, endelea na kitabu chako, ila ukisome vizuri. Zile tarakimu zilizo kando ya jina la farasi, kwa mfano 421, huonyesha nafasi alizomaliza, ya karibuni zaidi ikiwa upande wa kulia. Lakini ushindi wa mita 1,200 kwenye ardhi kavu hausemi mengi kuhusu mbio za mita 2,400 baada ya mvua, hasa iwapo farasi huyo sasa amebebeshwa uzito zaidi kwa sababu ya kushinda kwake. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Fununu si uongo daima, kwani mtunza farasi hujua kama mnyama anakula vizuri au anachechemea. Asichokijua ni hali ya wapinzani katika mazizi mengine. Tena fununu ikikufikia wewe (uniwie radhi), huenda imekwisha kuwafikia wengi, na dau zao hushusha malipo: farasi wa 4 kwa 1 (faida ya shilingi 4 kwa kila shilingi 1 ya dau) huhitaji kushinda mara 1 katika 5 ili usipate hasara, lakini akishuka hadi 2 kwa 1 inambidi ashinde mara 1 katika 3, ilhali kasi yake haikuongezeka hata kidogo. Ukikuta malipo yameporomoka hivyo kabla hujafika dirisha la kuwekea dau, iache mbio hiyo ipite.