Kabla hujanunua baruti ya tano: kwa nini bastola yako inatawanya risasi

Mkuu, maelezo uliyoweka hapa jukwaani nimeyasoma mara mbili. Unajaza mwenyewe risasi za 9x19 (zile za bastola za milimita 9), vichwa vyako, yaani ile sehemu inayoruka, ni vya madini ya risasi tupu visivyovishwa shaba, unapiga mita 25, na matundu kumi yanatapakaa upana wa sahani ya kulia. Umebadilisha baruti mara nne, umenunua mizani mpya, na sasa unauliza ujaribu baruti ipi ya tano.

Usijaribu yoyote kwanza. Shimo ulilomo mimi nilikaa humo zaidi ya mwaka mzima, na nilipotoka nikakuta baruti haikuwa na kosa lolote. Kosa moja lilikuwa kwenye mkono wangu, la pili kwenye mashine ya kujazia, na yalikuwa yanafichana. Nikirekebisha moja, lile jingine linanifanya nione hakuna kilichobadilika, basi nakimbilia kopo jingine la baruti.

Nianze na ile karatasi. Wakati ule nilikuwa natembea na kipande cha shabaha kwenye pochi, matundu matatu yamegusana, na kila aliyenisikiliza nilimwonyesha. Siku moja mzee mmoja wa uwanjani, mtu wa maneno machache, aliitazama akaniambia: "Sasa ongeza kumi juu ya hiyo hiyo." Nikaibandika tena, nikapiga kumi kwa risasi zilezile. Yale matatu yakamezwa katikati ya mengine kama hayakuwahi kuwa na habari. Risasi tatu hazisemi chochote, na tano zinasema kidogo sana. Kadiri unavyopiga nyingi ndivyo kundi linavyotanuka mpaka linafika ukubwa wake halisi. Kwa hiyo ukilinganisha tatu za baruti hii na tatu za ile, unachopima ni bahati tu. Mimi siku hizi napiga kumi kwenye karatasi moja, narudia siku nyingine kwa kumi tena, halafu ndipo nafungua mdomo. Na ile moja iliyokwenda mbali usiifute kwa kusema "hiyo nilijua nimeikosea". Ihesabu, labda kama ulitamka kabla ya kuangalia shabaha.

Sasa wewe mwenyewe. Usikasirike, mimi nilikasirika na haikunisaidia. Mpe mwenzako magazini yako, akae pembeni usikoona, achanganye risasi za kweli na mbili tatu bubu, zile za mazoezi zisizo na baruti wala praima (kile kiwashio cha kitakoni). Wewe piga kama kawaida. Ikifika ile bubu, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga) haiendi popote, bastola hairudishi teke, na unachokiona ni mikono yako mitupu ikifanya kazi yake. Mimi nilipofyatua ile ya kwanza, mdomo wa mtutu ulizama chini kiasi cha upana wa vidole viwili. Nilicheka kwa aibu. Mwaka mzima nilikuwa naisukuma bastola kabla haijalipuka, nikijiandaa kwa teke, na kwa sababu mlio unafunika kila kitu sikuwahi kuona. Kwa anayetumia mkono wa kulia, risasi nyingi zikianguka chini kushoto, shuku hilo kabla ya kugusa saiti, yaani vilengeo vya juu ya bastola. Dawa yake ni mazoezi ya kufyatua bila risasi (bastola tupu, chumba ulichomo hakina risasi hata moja, umekagua mara mbili, na unaelekeza mahali salama) na kurudia ule mchezo wa risasi bubu kila wiki. Mimi ilinichukua miezi miwili, na nikiacha muda mrefu inarudi.

Saiti nazo zina hesabu inayotisha kidogo. Bastola nyingi, kutoka saiti ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 15. Saiti ya mbele ikikaa kando kwa milimita 1 tu, kwenye mita 25 risasi inakwenda kando karibu sentimita 17. Kwenye shabaha ya mashindano ya mita 25 ya kulenga polepole, mduara wa 10 una kipenyo cha milimita 50. Yaani kutoka katikati hadi kutupwa nje ya huo mduara, inatosha saiti ikosee milimita 0.15 hivi. Hapo ndipo utaona kwa nini jicho lazima likae kwenye saiti ya mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu. Wengi wetu hufanya kinyume, tunachungulia shabaha ili tuone tumepata wapi, na saiti inapotea palepale.

Ukishajijua, ondoa mikono yako kwenye hesabu. Kaa mezani, weka mifuko ya mchanga, egemeza mikono na sehemu ya chini ya mpini. Mtutu wenyewe usiulaze juu ya kitu kigumu, kwa sababu utarukaruka na kukupa matokeo yake mwenyewe. Piga kumi za kiwandani, aina ambayo unajua wengine wanaipata vizuri, kisha kumi za kwako. Bastola ileile, siku ileile, mezani palepale. Hapo ndipo maswali yako yanaanza kupata majibu. Zote mbili zikitapakaa, shida ni bastola au bado ni wewe. Za kiwandani zikikusanyika na zako zikasambaa, basi rudi kwenye mashine yako ya kujazia.

Upande wa bastola sina mengi. Kagua skrubu za saiti, na kama umefunga saiti ya nukta nyekundu kagua skrubu zake mara mbili, zinalegea zaidi ya unavyodhani. Angalia mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia: kovu dogo pale risasi inapotokea linatosha kuipindisha, na mara nyingi kovu hilo huletwa na fimbo ya kusafishia. Slaidi ikifunga, bonyeza mtutu kwa kidole uone kama unacheza, maana mtutu usiorudi mahali pamoja kila mara hauwezi kupiga mahali pamoja. Mwenye rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) aangalie kama silinda inakaa sawasawa na mtutu kwa kila tundu.

Sasa kwenye kujaza, ambako ndiko nadhani ugonjwa wako uliko, kwa sababu umetaja mambo mawili bila kuyaunganisha: mtutu unabaki na utando wa kijivu kila ukimaliza, na baadhi ya matundu kwenye karatasi yana umbo la yai. Tundu la yai maana yake kichwa kimefika kikiwa kimelala ubavu. Hakikushikwa na mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha, kiliteleza. Na utando wa kijivu ni madini yaliyoyeyuka na kukwanguliwa na gesi iliyopita pembeni ya kichwa. Yote mawili yanasema kitu kimoja: kichwa chako ni chembamba kuliko mtutu.

Utaniambia umepima, na ni milimita 9.07 kama inavyotakiwa. Mimi pia nilipima, kabla ya kukiingiza. Lakini ulipima baada? Mimi sikuwahi kufikiria hilo mpaka yule yule mzee aliponiazima nyundo ya kung'olea vichwa, ile ya plastiki unayoigonga sakafuni kichwa kikatoka chenyewe. Nikang'oa risasi tano nilizozijaza mwenyewe siku iliyotangulia, nikavipima vichwa kwa kalipa (kipimio cha unene). Kilichoingia na 9.07 kilitoka na 9.01. Ukingoni kulikuwa na mfuo wa duara, kama alama ya pete iliyobana kidole. Ganda, kile kikopo kinachobeba baruti na kushika kichwa, lilikuwa limekikamua.

Sababu zilikuwa mbili. Ukuta wa ganda la 9x19 unanenepa kadiri unavyoshuka chini, na ile pini ya kutanua mdomo wa ganda ili kichwa kiingie, iliyokuja na seti yangu, ilitengenezwa kwa vichwa vilivyovishwa shaba, ambavyo ni vyembamba kidogo na ni vigumu. Kichwa laini kikisukumwa humo, ganda linashinda. Sababu ya pili ilikuwa mimi: nilikuwa nabana mdomo wa ganda kwa nguvu nikiamini kubana ndiko kunashika kichwa kisisogee. Sivyo. Kinachoshika ni mkazo wa ganda zima kuzunguka kichwa. Kazi ya kubana kwenye 9x19 ni kuondoa ule upanuzi wa mdomo tu, basi. Tena ganda hili linasimama kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo ukiukunja ndani unaharibu hata mahali pa kusimamia. Mchoro wa kawaida wa risasi hii unatoa milimita 9.65 kama upana wa juu kabisa pale mdomoni. Mimi nilikuwa nabana hadi 9.50, na nilijisifu kwa usafi wa kazi.

Nilibadilisha pini ya kutanua nikapata nene na ndefu zaidi, nikalegeza kubana hadi 9.60 hivi. Baruti ileile na kipimo kilekile cha chini nilichokuwa natumia. Mezani, kumi zilizokuwa zinachukua sentimita 14 zikaingia kwenye 6. Utando wa kijivu ukaisha. Baada ya kuhangaika mwaka mzima, jibu lilikuwa kipande cha chuma chenye urefu wa kidole.

Kwa hiyo ng'oa vichwa vitano vyako uvipime. Ukiwa hapo, toa mtutu kwenye bastola, udondoshe risasi yako ndani ya chemba. Inatakiwa ianguke na kulia "tok", izunguke bila kukwama, na ukigeuza mtutu itoke yenyewe. Ikikwama, au ni ndefu mno na kichwa kinagusa mifereji, au mdomo haujafungwa vizuri. Urefu wa juu kabisa wa risasi nzima ni milimita 29.69, ila vichwa vyenye pua pana vinadai ufupi zaidi ya hapo. Na angalizo: ukikizamisha kichwa ndani zaidi, nafasi ya baruti inapungua na mgandamizo unapanda haraka mno. Ukibadilisha kina, rudi kwenye kipimo cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti na uanze kupanda upya. Hata ile risasi iliyoingizwa chemba na kutolewa mara kadhaa iangalie, kichwa kinaweza kuwa kimesukumwa ndani.

Umeandika pia kwamba kipima mwendo chako kinaonyesha tofauti ya mita 20 kwa sekunde kati ya risasi na risasi, na unaamini ndiyo chanzo. Fanya hesabu. Risasi ya mita 340 kwa sekunde inafika mita 25 ikiwa imeshuka kwa uzito wake kama milimita 26 au 27. Ile ya 320 imeshuka kama 30. Tofauti yao ni milimita 3 na ushee. Kundi lako ni upana wa sahani. Mwendo usiolingana unakuambia ujazaji wako hauna nidhamu, hilo ni kweli na urekebishe, lakini hauwezi kutawanya risasi hivyo kwa umbali huu. Mimi nilifukuzia tarakimu hizo miezi mitatu. Wapiga bunduki wa mita mia kadhaa ndio wenye haki ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Kuna waliokuandikia kipimo cha baruti kwenye majibu ya hapo juu. Usikitumie, hata kama nia yao ni njema. Chukua kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, kichwa chenye uzito na aina ileile, anzia chini. Kwenye meza ya kujazia kaa na kopo moja tu la baruti. Baruti za bastola zinazoungua haraka hujaza sehemu ndogo ya ganda, maana yake kipimo mara mbili kinaenea humo bila kumwagika. Mimi nayapanga maganda yote wima kwenye kibao, nawasha tochi, nachungulia moja moja kabla ya kuweka kichwa. Na ukiwa uwanjani ukasikia mlio mdogo wa "pu" badala ya mlio wa kawaida, acha. Usifyatue tena mpaka umeona mwanga ukipita mtutu mzima, maana kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati, na kinachofuata kinapasua chuma mbele ya uso wako. Miwani na vizibo vya masikio sidhani kama nahitaji kusema. Kunawa mikono nitasema, kwa sababu madini ya risasi ni sumu na watu wanakula karanga wakiwa wanajaza.

Mpangilio wangu kwako ni huu: wiki hii risasi bubu na ung'oaji wa vichwa, bila kugusa baruti. Wiki ijayo meza, mifuko ya mchanga, kumi za kiwandani na kumi zako za sasa, kila moja na karatasi yake, uandike juu yake kwa kalamu. Ukirekebisha pini ya kutanua, usiguse kingine chochote siku hiyo. Halafu weka hapa picha za karatasi zote pamoja na vipimo vya vile vichwa vitano, na ile mbaya zaidi usiifiche.