Pini ya kirungu cha gia imegoma kutoka: ibane, usiipige

Mkuu, umesema kirungu cha gia cha pikap yako kimepasuka, kipya umeshanunua, ila pini inayopita katikati ya kirungu na liva (fimbo ya gia) imegoma, na fundi anataka kuitoboa kwa drili. Mwambie asubiri kwanza. Kazi hii nimeifanya kwenye pikap yangu ya manual iliyokuwa inabeba samaki na barafu kutoka mwaloni Kirumba, Mwanza, na nimewashikia tochi jamaa zangu wa Igoma wenye magari ya kazi hiyohiyo.

Pini hiyo si msumari. Ni bati la chuma cha springi lililokunjwa likawa kijibomba chembamba chenye mpasuo ubavuni. Imetengenezwa nene kidogo kuliko tundu lake. Ikigongwa kuingia inajikunja, halafu inakaa humo ikitaka kutanuka muda wote. Sasa ongeza maji. Huku kwetu dereva ametoka kushika samaki, ameshika barafu, kisha anashika gia. Maji yanateremka mpaka kwenye ule mpasuo. Ziwa halina chumvi ya bahari, lakini kutu inaridhika na unyevu na hewa, na ikishaota huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Pini inazidi kukazwa kutoka ndani.

Nyundo inashindwa kwa sababu liva inacheza. Ukipiga, liva inakimbia, na nguvu yako yote inaishia kwenye bushi (vile vikombe laini vinavyoshikilia liva) kule chini. Pini haijasikia kitu. Ukizidi kupiga, ncha yake inatawanyika inakuwa pana kuliko tundu, na hapo ndipo inagoma kwelikweli. Drili nayo ni mbaya zaidi. Chuma cha springi ni kigumu kuliko liva, kwa hiyo biti inateleza na kula upande laini. Tundu likishakuwa la yai, hakuna pini mpya itakayokaa.

Kabla ya yote, hakikisha ni pini kweli. Manual nyingi kirungu chake kinafungwa kwa hesi tu, unakizungusha kinatoka. Automatic nyingi za Kijapani za zamani zina skrubu mbili ndogo kwenye shingo ya kirungu, au klipu ya kuvuta. Ukiona kiduara chenye mpasuo pande zote mbili za kirungu, hiyo ndiyo yenyewe.

Vuta hendibreki, weka mawe kwenye tairi, teremsha lile kava la ngozi na utandike kitambaa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, ulale, asubuhi upulizie tena. Wengine huchanganya ATF (mafuta ya giaboksi ya automatic) na asetoni nusu kwa nusu. Inapenya vizuri sana, ila asetoni inayeyusha plastiki, kwa hiyo itumie tu kama kirungu cha zamani unakitupa. Gesi ya kuchomelea isiingie kabisa humo ndani. Kuna zulia na kuna viti.

Kama ncha imeshatawanyika, isugue kwa tupa mpaka ilingane na tundu. Halafu nenda kwa seremala wa mtaani ukaazime klampu ndogo ya skrubu. Upande mmoja wa kirungu weka soketi ndogo ya kufungulia nati ambayo tundu lake linaimeza pini. Upande wa pili weka kipande kifupi cha chuma kigumu, chembamba kidogo kuliko pini; panchi (kile chuma cha kugongea pini) iliyovunjika inafaa sana. Kaza klampu taratibu. Nguvu inabana kutoka pande mbili, liva haina pa kukimbilia, bushi hazijui kinachoendelea. Utasikia "tak" pini ikianza kuachia. Ikisogea kidogo, legeza, pulizia mafuta, kaza tena. Ikishaingia kwenye soketi, toa klampu uimalizie kwa panchi ndefu, huku mwenzako ameegemeza kigogo cha mti mgumu nyuma ya liva.

Na kama bado inakataa, kwa nini unakihurumia kirungu kilichopasuka? Kikate kwa msumeno wa chuma kwa urefu, mbali na liva, ukibandue vipande vipande. Pini itabaki imechomoza pande zote mbili, ibane kwa vaisi gripu (koleo linalojifunga lenyewe), izungushe huku unavuta. Kwa maoni yangu, kwenye gari la samaki hii ndiyo njia ya kuanza nayo.

Pini ya zamani usiitupe. Nenda nayo dukani upate ya unene uleule, na usikubali kupewa msumari wala waya wa kuchomelea. Ni laini, utalegea, na kila ukibadili gia utakuwa unapanua tundu. Paka grisi kidogo kabla ya kuingiza, na uiingize kwa klampu ileile.

Ukimaliza, kabla hujawasha gari, ingiza gia zote ikiwemo rivasi, ukivuta kirungu juu na pembeni kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, pini uliyopewa ni nyembamba, rudi nayo dukani. Kama uko upande wa Nyakato niandikie, klampu ninayo.