Barua kwa mwanangu: chuo kisichotoa alama

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Magomeni sote wazima. Vuli imenyesha kidogo mwaka huu, na mwembe wa uani umezaa mpaka majirani wanachoka kuletewa.

Barua yako niliisoma Jumapili asubuhi, nikaisoma tena usiku watu walipolala. Unasema ulikwenda Asheville, huko North Carolina, na wenzako, mkaingia kwenye makumbusho ya Chuo cha Black Mountain, kile chuo cha sanaa cha Marekani kilichofungwa zamani, nawe ukatoka humo huna la kusema. Kisha ukasikia kuna chuo kidogo kinachofuata nyayo zile zile: asubuhi mwanafunzi anachora, mchana yuko bustanini na jembe, jioni yuko jukwaani, na mwisho wa mwaka hakuna anayempa alama. Ukaniuliza: "Mama, hii ni shule au ni mchezo? Na nikiacha kazi ya maabara nikaenda, utanielewa?"

La pili nalijibu kwanza kwa kuwa ni fupi. Nitakuelewa. Sababu utaiona mbele. La kwanza ndilo lililonikosesha usingizi, maana ni swali nililoishi nalo miaka arobaini bila kulipa jina.

Nilipoingia kiwanda cha kanga mwaka 1982 nilikuwa na miaka ishirini. Nilijua kuchora maua na ndege, nikadhani hiyo ndiyo kanga. Mkuu wa chumba cha michoro alikuwa mzee mmoja mpole, mtu wa maneno machache. Ulipompelekea mchoro hakusema mzuri, hakusema mbaya. Aliubandika ukutani, akarudi nyuma hatua tano, akakunja mikono. Baada ya muda akauliza: "Hii nyekundu inafanya kazi gani hapa?" Ukijibu, alisikiliza. Ukishindwa, aliubandua mchoro na kukurudishia mkononi bila hasira. Pindo langu la kwanza nililirudia wiki tatu. Kuna siku nilitamani anipe hata sifuri, niipokee, nilie, niende nyumbani. Alama ingenipumzisha. Lile swali lilinifuata mpaka kwenye daladala.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba chuo kisicho na alama ni chuo cha wavivu, jua hajawahi kusimama mbele ya ukuta ule.

Watu wa Black Mountain niliwajua kwa sababu ya nguo. Ofisini kwetu kulikuwa na kitabu chakavu cha ufumaji, na humo ndimo nilimokutana na Anni Albers, mfumaji wa Kijerumani. Yeye na mumewe, Josef, walifundisha Bauhaus, ile shule ya sanaa ya Ujerumani iliyofungwa mwaka 1933 baada ya kubanwa na Wanazi. Mwaka huo huo, huko Florida, mwalimu aitwaye John Andrew Rice alifukuzwa kazi baada ya ugomvi na mkuu wa chuo chake. Wenzake kadhaa wakatoka pamoja naye, na wanafunzi wengine wakawafuata. Wakakodi majengo milimani North Carolina wakaanzisha chuo chao ambacho walimu ndio walikuwa wenyewe. Wakawaita Josef na Anni waje. Josef alifika akiwa na Kiingereza cha kuokoteza. Alipoulizwa atafundisha nini, alijibu kwamba anataka kufungua macho.

Nakwambia mwanangu, katika kazi yangu yote sijasikia maelezo bora zaidi ya somo la uchoraji.

Tazama alivyofanya. Aliwaambia wanafunzi wakusanye majani makavu ya miti na vipande vya karatasi za rangi. Rangi za kuchanganya aliziweka kando, kwa kuwa ukishika brashi unaanza kuhangaika na mkono, nawe umekuja kwa ajili ya jicho. Kipande kile kile cha kijani waliweka juu ya nyeusi, kisha juu ya njano, mpaka kila mmoja akubali mwenyewe kwamba vinaonekana kama vijani viwili. Hakuna aliyetakiwa kuamini kwa kusikia.

Mimi somo hilo nililipata kwa hasara. Mwaka fulani wafanyabiashara waliturudishia robota nzima wakidai njano imepauka, tumewauzia rangi hafifu. Tukakagua mapipa: rangi ni ile ile, kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni pindo, lililokuwa jeusi tukalifanya jeupe. Njano iliyokuwa ikiwaka kando ya nyeusi ilizimika kando ya nyeupe. Hakuna aliyekuwa amedanganya, si wao wala si sisi. Tungekuwa na mtu mmoja aliyepita mikononi mwa mwalimu wa namna ile, angelisema kabla fremu za kuchapia hazijakatwa.

Sasa nikusimulie habari za Ruth Asawa, maana nikikufikiria wewe, yeye ndiye anayenijia. Wazazi wake walikuwa Wajapani, wakulima huko California. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliwafungia kambini watu wa asili yao, naye akiwemo, msichana mdogo. Baadaye alisomea ualimu, lakini akanyimwa mazoezi ya kufundisha kwa sababu ya asili yake, na bila mazoezi hakuna cheti. Ndipo akaenda Black Mountain mwaka 1946, akakaa miaka mitatu. Chuo kilikuwa na muhuri wa mpira wenye herufi BMC, wa kupigia chapa mashuka na taulo za dobi. Ruth akauchukua muhuri ule akaugonga kwenye kitambaa, safu kwa safu, akiupinda na kuurudia, mpaka herufi zikapotea na pakabaki mawimbi.

Nilipouona mchoro ule kwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha peke yangu. Ndiyo kazi yetu ile! Kipande kimoja, unakirudia, na katika kurudia ndimo uzuri unamotokea. Mji wa kanga hutoka hivyo hivyo. Yeye hakusubiri vifaa vya bei. Mwaka 1947 alikwenda Mexico, akaona mafundi wa Toluca wakisuka vikapu vya waya, akajifunza kwao, na kwa mkono ule wa mafundi wa vikapu akatengeneza sanamu za waya zinazoning'inia ambazo leo zimo kwenye makumbusho makubwa. Na hakusahau kufundisha: mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shule ya sekondari ya sanaa San Francisco, na sasa ina jina lake.

Uliuliza pia, pembeni kidogo, kwa nini mchoraji afundishwe kucheza. Hilo kwa kweli lilinishangaza kutoka kwako. Siku mwali wa mkole alipotolewa kwa bibi yako, hukuwa pale? Kulikuwa na ngoma, nyimbo za mafumbo, kanga mpya za sare, mwendo wa mwali mwenyewe. Ungeweza kuonyesha kidole mahali nguo inapoishia na ngoma inapoanzia? Shule ndizo zilizotenganisha, hili darasa la picha, lile la muziki. Bagamoyo walijaribu kuviweka pamoja tangu Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa mwaka 1981. Aliyekuja kwa ajili ya ngoma alikuta maigizo, muziki na uchoraji vikimsubiri, na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba, alikuwa mmoja wa waliofundisha pale.

Black Mountain nao walifika huko kwa njia yao. Mwaka 1952 mtunzi wa muziki John Cage aliandaa onyesho katika ukumbi wa chakula: huyu anasoma shairi juu ya ngazi, yule anapiga piano, Merce Cunningham anacheza katikati ya watu, na picha nyeupe tupu za Robert Rauschenberg zinaning'inia juu, vyote kwa wakati mmoja. Walioliona walilisimulia kila mmoja kwa namna yake. Mwaka uliofuata Cunningham aliunda kundi lake la dansi hapo hapo chuoni, na Rauschenberg, aliyekuja pale kama mwanafunzi wa uchoraji, akaja kuwatengenezea mapambo ya jukwaa na mavazi kwa miaka. Mchoraji aliyewahi kukaa na wachezaji huchora nguo akijua kwamba itatembea. Mimi kanga zangu nilizichora zikiwa zimelala mezani, na ilinichukua miaka kugundua kwamba ua zuri mezani linaweza kumezwa na mkunjo wa kiuno.

Lakini sitaki uende ukiwa umeona upande mmoja tu. Chuo kile hakikupata ithibati hata siku moja. Katika miaka yake yote wanafunzi hawakuzidi 1,200, na waliohitimu rasmi ni wachache. Mtu alihitimu pale alipojiona yuko tayari, akaletewa mtahini kutoka nje. Walimu walilipwa kidogo sana, na wakati mwingine walichopata hakikuzidi chakula na mahali pa kulala. Jengo la madarasa walilijenga wenyewe, walimu na wanafunzi, kando ya ziwa, ndipo wakahamia huko mwaka 1941. Shamba walilima. Bado mwaka 1957 madeni yaliwashinda wakafunga, na ardhi ikauzwa. Uzuri wa mafundisho haukuzuia hilo.

Na usisahau ni North Carolina ya wakati gani. Mwanafunzi mweusi wa kwanza, Alma Stone Williams, alipokelewa kiangazi cha 1944, miaka kumi kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijaharamisha kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Mwaka 1946 mchoraji mweusi Jacob Lawrence alikuja kufundisha akiwa na mkewe, Gwendolyn Knight, naye mchoraji. Josef Albers aliwapangia behewa lao peke yao ili wasihamishiwe kwenye lile la weusi treni ikiingia kusini. Chuoni waliheshimiwa. Mjini Asheville hawakutia mguu kiangazi chote. Nakutajia haya kwa sababu wewe unaishi huko na ngozi yako, na chuo kizuri kinaweza kuwa kisiwa. Ukienda kukitembelea, nenda mpaka dukani, kaa kituo cha basi, uone watu wa nje ya geti.

Nikirudi kwenye swali lako: ni shule, ikiwa kuna mtu wa kukusimamisha mbele ya ukuta. Hilo ndilo nakuomba ulichunguze kuliko yote. Omba ukae darasani siku nzima wanapojadili kazi za wanafunzi. Ukisikia "safi sana, endelea" asubuhi hadi jioni, panda basi urudi nyumbani. Ukisikia maswali, na mwanafunzi anayeulizwa anajibu bila kutetemeka, kaa uangalie zaidi. Waulize pia mwanafunzi asiyefanya lolote muhula mzima hufanywa nini. Na waulize, bila haya, walimu wanalipwa kwa fedha gani. Chuo kinachoona aibu kujibu hilo kinaweza kufungwa wewe ukiwa mwaka wa pili.

Mkopo usichukue. Hapo sina mjadala. Mtu mwenye deni la miaka ishirini huchora kinachouzika kesho, na uhuru ule wote aliokwenda kuutafuta unakwisha siku ya kwanza ya marejesho. Mimi ada ya huko siiwezi, unajua. Waombe maabara wakupunguzie hadi siku mbili au tatu kwa wiki, na wakikataa, subiri mwaka mmoja uweke akiba. Una miaka 26, mwaka mmoja haukuponyoki. Ninachoweza ni vifaa: karatasi, vitambaa, rangi za huku, nitakutumia kila anayesafiri.

Sasa ile sababu. Bagamoyo walipofungua mwaka ule wa 1981, nilitaka kwenda. Nilikuwa nimeshaandika barua ya maombi, imo kwenye bahasha. Babu yako akasema binti yake hatacheza mbele za watu, akaiweka bahasha juu ya kabati, na mimi sikuichukua. Kiwanda nilikipenda, na mzee yule alinifundisha kuliko nilivyostahili. Lakini kila nilipopita njia ya Bagamoyo kwenda msibani au harusini, nilitazama upande wa pili wa dirisha. Sitaki kuwa mtu wa kuweka bahasha yako juu ya kabati.

Kabla hujawaandikia, nifanyie kitu. Katika zile kanga nilizokupa kuna moja ya kijani iliyochanika pembeni. Ikate vipande. Kimoja kiweke juu ya kitambaa cheusi, kingine juu ya cheupe, kingine juu ya njano, na vingine upange utakavyo mpaka uone kitu ambacho hukukitegemea. Vibandike ukutani, rudi hatua tano, kaa nacho jioni tatu. Kisha nipigie Jumapili unieleze kila kipande kinafanya kazi gani pale.

Kanga ya bibi yako, ile ya pindo jeusi, usiikate.

Mama yako